Nyuma Yako Nani

Usiniulize usiku umeingia lini.
Mimi huujua kwa ukuta: chokaa
iliyopigwa jua mchana kutwa
hupoa chini kwanza, kisha juu,
na baridi ikifika kidaka cha tatu
najua Langoni wamewasha taa.

Kusikia sikuzaliwa nako.
Kuona kuliondoka taratibu, kama mpangaji
anayehamisha vyombo kimoja kimoja
mwenye nyumba asishtuke.
Nilipotimiza miaka ishirini na sita
nikakuta chumba kitupu.

Basi mama akaanza kuniandika mkononi.
Gumba ni A, cha shahada ni E,
cha kati ni I, cha pete O, cha mwisho U.
Konsonanti ni mikwaruzo ya kiganjani, mapigo, viduara.
Vidole vitano, irabu tano:
Kiswahili kilinisubiri mkononi siku zote
nami nilikuwa nakitumia kushonea kofia.
NDOO, akaandika. Nikaja.

Lali alirudi Jumatatu kutoka msitu wa Boni.
Nilimjua kwa buti. Sakafu ilinipa hatua zake
visiginoni, nzito, kisha zikasita mlangoni.
Akanishika mkono, akaandika NJOO.
Nikacheka. Hiyo J umeinunua kambi gani?

Usiku hakulala, nami sikulala.
Akaniambia, herufi kwa herufi,
kwamba kule watu hugeuzwa viziwi na vipofu kwa amri:
taa marufuku, sauti marufuku.
Hutembea kwa mstari, na maneno
hupita miilini mwao.
Bonyezo moja: simama.
Mawili: lala chini.
Kofi jepesi la paja: twende.
Kucha zikizama: wapo, karibu.
Na kila kituo, kabla ya kusogea,
bonyezo refu huanzia kwa wa mwisho
likapanda bega hadi bega mpaka kwa wa mbele:
tupo wote.

Mna maneno mangapi?
Kumi na moja.
Kumi na moja! Nikamwonea huruma.
Mimi kwa maneno kumi na moja
sinunui hata uzi kwa Bwana Shekuwe,
seuze kubishana naye bei.
Hamna neno la samahani?
Hatuna.
La naogopa?
Akakawia. Halihitajiki, akaandika,
mkono wenyewe husema.

Ndipo nikausikiliza mkono.
Ulikuwa ukitetemeka chini ya herufi
kama meza ya cherehani
mtu mwingine anaposhona.

Nikakigeuza kiganja chake, nikaandika mimi:
NYUMA YAKO NANI?

Punda akapita kichochoroni, nilimhisi ukutani.
Akapita wa pili.

EKAI, akaandika. Mturkana.
Mkono mwepesi. Alikuwa akinibonyeza
kama anayejaribu mkate wa mofa kama umeiva.
Tukasimama. Nikangoja lile refu lifike.
Nikangoja, dada.
Akakipeleka kidole changu mahali penyewe.
Hapakuwa na kovu. Ngozi nzima,
yenye joto, ya ndugu yangu.

Nilitaka kulibonyeza bega lile.
Lugha yao nilikuwa nimeshaijua yote,
ilichukua robo saa.
Lakini bonyezo lile lasema tupo wote,
na hatukuwa wote.

Nikaona nimwandikie jina palepale.
Bega halina vidole, kwa hiyo halina irabu.
Nikaushika mkono wake: ncha ya shahada, E.
Kisha begani, K, kwa ukucha, polepole.
Nikaurudia mkono: gumba, A.
Kidole cha kati, I.

Nikaanza upya.
Mara ya tatu hakungoja. Alinitolea gumba mwenyewe
kabla sijamaliza K.